Kifaranga Juu ya Mifupa ya Brigido

Kwa wale ambao gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa samaki kabla halijasomwa, nawafupishia. Najua mko wengi.

Mimi ni Dakta Eleuterio Palmares. Watu wananiita Dok Teryo. Kwa miaka thelathini na tatu nilikuwa daktari wa manispaa ya Santa Fausta, mji wa mpunga na majogoo wa kupigana, uliojaa watu wanaoogopa kitabu kuliko sindano. Nilipostaafu nikaandika riwaya ya upelelezi, Karani wa Kiwanda cha Sukari. Wachapishaji wa Manila walinirudishia mswada bahasha ikiwa haijafunguliwa. Nikauchapisha mwenyewe kule Iloilo mjini.

Siku ya uzinduzi padri alikinyunyizia kitabu maji ya baraka kana kwamba ni pikipiki mpya. Kumpare wangu Melecio Salmorin, mwenye kinu kikubwa cha kukoboa mpunga, aliyemsimamia mwanangu ubatizo, akasimama tena kuwa baba wa ubatizo wa kitabu. Akasema kwenye kipaza sauti, "Mimi kitabu nilichomaliza maishani ni katekisimu, na hicho nacho kwa viboko!" Ukumbi ukavunjika mbavu. Watu mia mbili walikula tambi, wakafuta midomo, wakaenda zao. Vitabu vilivyoondoka ni kumi na tisa.

Hapo ndipo nilipowaacha. Mkadhani aibu yenyewe ndiyo hiyo. Thubutu!

Wiki mbili nilikaa kimya, nikiwapa watu muda wa kusoma. Wiki ya tatu nikachukua fimbo yangu, nikatoka kwenda kuvuna sifa.

Mwalimu mkuu alikuwa amekiweka chini ya mguu wa meza yake inayoyumba. "Dok, kitabu kizito! Kizito kweli kweli!" akaniambia, wala hakuona haya.

Padri aliniuliza kama kina picha.

Muuza dagaa wa sokoni akaniambia yeye amefika ukurasa wa nne. Nikachangamka. Nikamwuliza, "Haya, mpaka hapo unamshuku nani?"

"Nimshuku nani tena? Nafungia dagaa, Dok. Nimeshachana kurasa nne."

Nilirudi nyumbani nimefura. Mke wangu Sorsing alikuwa kibarazani anapepeta mchele.

"Hawasomi!" nikamwambia. "Mji mzima! Nimewatoa minyoo hawa, nimewazalisha mama zao, leo hakuna hata mmoja mwenye akili ya kumaliza sura moja!"

"Omba iwe hivyo," akasema.

"Unasemaje?"

"Nasema omba iwe hivyo hivyo, Teryo." Akaendelea na ungo wake.

Sorsing ndiye aliyenichapia mswada wote kwa mashine, kwa hiyo yeye alikuwa ameusoma. Nikachukulia kwamba ni wivu wa mtu asiyejua kutunga.

Wiki hiyo hiyo Melecio alitangaza kanisani kuwa anamjengea marehemu kaka yake kaburi la heshima. Brigido, aliyekuwa mwenye kinu kabla yake, alikuwa amelala miaka kumi na tisa kwenye makaburi ya ukutani, yale yaliyopangwa kama droo za kabati. Melecio akaenda na wafanyakazi wake wawili, akabomoa, akatoa mifupa, akaiosha, akaitia kwenye kisanduku. Ingekaa sebuleni kwake isomewe sala, kisha ihamie kwenye kaburi jipya. Watu wakamsifu kwa kumpenda nduguye. Nami nilimsifu, tena kwa sauti.

Siku moja kabla ya sala hiyo, saa nne asubuhi, mtu akagonga mlango wangu. Alikuwa Iluminada, mjane wa Brigido. Mji mzima humwita Manang Ining, yaani dada Ining.

Zamani huyu alikuwa mama mwenye kinu. Sasa anauza sokoni mikate ya wali iliyofungwa kwa majani ya mgomba. Mama mkwe wake alimfukuza wiki ile ile ya mazishi, kinu kikaenda kwa Melecio, na tangu hapo kanisani anakaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mbwa.

"Habari za asubuhi, Dok."

"Nzuri, Ining. Presha imepanda?"

"Presha ni nzima. Nimekuja na kitabu chako."

Akakitoa kwenye mfuko wa plastiki. Kilikuwa kimevimba kwa kufunguliwa. Kurasa zimewekwa alama kwa vipande vya uzi. "Nimekisoma mara tatu," akasema.

Mara tatu! Jamani, machozi yalinilengalenga. Nilimkalisha kwenye kiti kizuri, nikamwita Sorsing alete kahawa na biskuti za bati, zile za wageni. Muuza mikate huyu, aliyeacha shule darasa la tano, ndiye aliyekuwa msomaji wangu wa kwanza. Nikafikiri, potelea mbali, hata msomaji wa namna hii ni msomaji.

"Haya, niambie. Inspekta wangu umemwonaje?"

"Anaongea sana."

Nikameza mate. "Na wapi palikufurahisha?"

"Sikusoma nifurahi, Dok. Ukurasa wa themanini na nane." Akafungua penye uzi mwekundu, akaweka kidole chini ya mstari, akasoma polepole kama mtoto wa shule. "'Daktari hakunyanyua hata macho. Aliiweka fomu ya kifo juu ya tundu la Senador, jogoo wake, akaandika, akamrudishia karani, akageuka kutazama pigano.'"

"Pazuri hapo," nikasema.

"Daktari huyu hakwenda kumwona maiti?"

"Hakwenda. Nimemchora mpumbavu kwa makusudi."

"Mpumbavu kweli. Ni nani?"

"Wa kubuni tu, Ining. Riwaya ni mambo ya kubuni."

"Na Senador naye wa kubuni?"

Kikombe nikakirudisha mezani.

"Kaka yangu ndiye aliyekuwa anawafunga majogoo visu uwanjani," Ining akasema. "Senador wako alipigana mara moja tu maishani mwake. Jumapili ya kuamkia kimbunga, saa nane mchana. Kaka yangu ndiye aliyemfunga kisu, na yeye ndiye aliyemzoa alipokufa. Jumapili hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, mume wangu alikuwa amelala juu ya meza kule kinuni tulikokaa, na nilipofika Melecio akaniambia, 'Dok amekuja, amemwona, ameondoka.'"

Sasa nitasema jambo ambalo sijamwambia hata padri.

Ni kweli. Sikwenda.

Jumapili ile Melecio alikuja mbio uwanjani, jasho linamtoka, fomu mkononi. "Kumpare, Brigido amefariki. Moyo. Amegombana na mkewe asubuhi, akaanguka. Tunazika kesho alfajiri kabla kimbunga hakijafika. Weka sahihi." Nikamwambia nitapita kumwona. Akaniambia, "Senador ndiye anayefuata, Kumpare." Na kweli jina lilikuwa linaitwa. Nikaiweka fomu juu ya tundu. Nikaandika: moyo umesimama kwa sababu ya hasira kali. Hiyo hasira kali niliiongeza mwenyewe, niliona inapendeza.

Senador hakumaliza hata dakika moja. Nililia kwa ajili ya jogoo. Brigido sikumlilia.

Miaka ikapita, nikastaafu, nikataka kutunga kitabu, na kichwani sikuwa na kisa kingine. Kinu nikakigeuza kiwanda cha sukari. Ndugu nikamgeuza karani. Mji nikaupeleka kisiwa cha pili. Kila kitu nilikibadili isipokuwa jina la Senador. Mfuga jogoo wa kwetu anaweza kubadili jina la mwanawe, lakini si la jogoo aliyefia uwanjani. Mkono ulikataa. Na nani angejua? Si hawasomi?

Nikakaa sawa kitini, nikavaa sura yangu ya zahanati.

"Ining, nilikwenda. Nilifika kinuni kabla ya pigano."

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Usoni alikuwaje?"

"Ametulia. Kama aliyelala."

Akasema, "Dok, alikuwa na povu la sabuni. Alianguka ananyoa ndevu. Shavu moja lilikuwa safi, la pili lina ndevu na sabuni iliyokauka. Mtu akimwona hawezi kusahau. Mimi ndiye niliyemnyoa hilo la pili nilipofika."

Kahawa ilikuwa inapoa.

"Na kichwa alikuwa amefungwa kitambaa, toka kidevuni mpaka utosini. Melecio akaniambia wewe ndiye uliyefunga, taya lisianguke, na umesema kisifunguliwe mpaka azikwe. Nikatii. Nilisema, Dok anajua."

"Sikufunga kitambaa chochote," nikasema. Lilinitoka lenyewe.

"Najua sasa."

Nilidhani atapiga kelele. Ningejua la kufanya na mtu anayepiga kelele, nimewatuliza wengi. Yeye akawa anakunja kunja ule mfuko wa plastiki magotini.

"Asubuhi ile tuligombana kwa jambo la kipuuzi, ndoo ya maji. Nikamwambia, 'Si ufe tu nipumzike!' Nikaenda kwa mama. Mchana nimefika, amekufa. Na cheti chako kinasema hasira. Mama mkwe alikisoma mbele ya watu wote, akaninyooshea kidole. Miaka kumi na tisa, Dok, mimi ndiye niliyemuua mume wangu kwa mdomo. Wanangu waliambiwa hivyo shuleni. Nami niliamini kuliko wao."

"Ining..."

"Utanitaka radhi baadaye. Kesho saa tisa mchana ni sala ya mifupa. Njoo useme mbele yao kwamba hukumwona. Hilo tu. Mengine sitaki."

Akainuka, akaacha biskuti bila kuzigusa. Mlangoni akageuka. "Inspekta anaongea sana, lakini ana akili," akasema. "Ulimtoa wapi?"

Sorsing alikuwa amesimama nyuma ya pazia. Wala hakujisumbua kujificha.

"Umesikia?" nikamwuliza.

"Nilisikia mwaka jana, nilipochapa ukurasa wa themanini na nane. Nikangoja useme mwenyewe. Ukaniambia nirekebishe mkato."

"Sorsing, wanaipa zahanati jina langu mwezi ujao. Kibao kimeshapakwa rangi. Nikisema kesho, nimekwisha. Kuandika cheti cha uongo ni kesi, ujue. Wataniita nani?"

"Watakuita yule uliyemwandika," akasema. "Si umemchora mwenyewe, tena vizuri."

"Wewe uko upande wa nani?"

"Upande wa aliyekaa na mbwa kanisani. Kesho unakwenda, Teryo. Shati lako jeupe nimeshalipiga pasi."

Usiku sikulala, nikimfikiria Melecio. Mnaweza kuniuliza, je, ulipokuwa unaandika hukumshuku? Naapa sikumshuku. Nilihitaji muuaji, basi. Nikatazama katika kisa ni nani alikuwa na haraka na karatasi, nikampa yeye. Inspekta wangu alimnasa kwa kurasa mia mbili na kumi. Mimi niliyemtunga Inspekta nikamkaribisha muuaji tambi, nikampa na kipaza sauti. Nimewadharau watu wa mji huu miaka yote, na katika mji mzima mjinga wa kwanza alikuwa amelala kitandani kwangu, upande wangu wa dirishani.

Kesho yake saa tisa sebule ya Melecio ilikuwa imejaa. Kisanduku kilikuwa mezani juu ya kitambaa cheupe, mishumaa miwili pembeni, picha ya Brigido nyuma. Wanawake wa sala wamekaa mbele na rozari zao. Wanaume wako nyuma wanangoja sala iishe wapate tembo la mnazi.

Melecio alinipokea kwa kunikumbatia. "Kumpare! Mwandishi wetu! Kaa hapa mbele, kaa karibu na kaka."

Nilikaa. Sorsing akakaa nyuma yangu, akaniwekea goti mgongoni.

Sala ikaanza. Tulipofika fungu la tatu, mlango ukafunguliwa, akaingia Ining. Hakukaa nyuma safari hii. Akapita katikati ya watu mpaka mezani, mikono ameifumbata kifuani. Akaifungua juu ya kisanduku.

Kilikuwa kifaranga.

Kidogo, cha manjano. Kikasimama juu ya kifuniko kinayumba yumba. Ining akatoa punje za mchele mfukoni, akazimwaga mbele yake. Kikaanza kudonoa. Ko, ko, ko.

Sala ikakatika. Hakuna mtu wa Santa Fausta asiyejua. Kifaranga hakiwekwi juu ya jeneza la aliyekufa kwa ugonjwa. Kinawekwa juu ya aliyeuawa, na kila kikidonoa punje kinadonoa roho ya aliyemuua, mpaka ashindwe kuvumilia.

"Yesu na Maria!" akasema mama mmoja.

"Manang, hii nini?" Melecio akacheka. "Miaka kumi na tisa leo ndiyo unaleta kuku? Amechanganyikiwa huyu, msameheni. Toa hicho kidude, kinachafua kitambaa."

"Kiache kidonoe," Ining akasema. "Wewe kinakuuma wapi?"

Watu wakaguna. Mwanamume mmoja nyuma akapiga mluzi.

Melecio akanigeukia, tabasamu bado liko usoni. "Kumpare, maliza maneno. Wewe ndiye daktari. Waambie ulivyomwona Brigido siku ile. Waambie moyo."

Macho yote yakaniangukia. Goti la Sorsing likanisukuma.

Nilisimama. Nikaona kibao cha zahanati, jina langu kwa rangi ya bluu, nikamwona Ining amesimama na mchele kiganjani.

"Sikumwona," nikasema.

"Sema kwa sauti, Dok!" mtu akapayuka.

"Sikumwona Brigido! Sikufika kinuni. Nilikuwa kwenye majogoo. Melecio aliniletea fomu, nikaandika alivyoniambia. Moyo sikuupima. Hasira niliitunga. Ining hakumuua mtu kwa mdomo wala kwa chochote. Uongo huo ni wangu."

Weee! Sebule ililipuka. Watu niliowatibu tangu wakiwa wachanga wananitazama kama kitu kilichokanyagwa. Muuza dagaa akatema mate sakafuni, ndani ya nyumba ya mtu. "Na unajiita daktari!" Mwalimu mkuu akatikisa kichwa kwa huzuni, yeye na meza yake. Nilistahili yote, lakini kudharauliwa na mwalimu yule kuliniuma kupita kiasi.

Melecio peke yake hakupandwa na jazba. Alikuwa anakuna kidevu.

"Haya," akasema. "Kumpare amezeeka, amekiri uvivu wake, tumsamehe. Lakini uvivu wa daktari haumfanyi mtu auawe. Dok hakumwona. Basi. Nani basi anayejua alikufa kwa nini? Hakuna. Tuendelee na sala."

"Yuko anayejua," Ining akasema. Akakichukua kifaranga, akakitia kifuani. Akakisukuma kisanduku kuelekea kwangu. "Hukumwona siku ile, Dok. Mwone leo."

"Manang, hiyo ni dhambi!" Melecio akasema. Lakini alisema haraka tu, kisha akarudi nyuma hatua moja. "Sawa. Sina la kuficha. Fungua, Kumpare. Fungua watu wote waone."

Nikafungua.

Kazi hii naijua. Nikatoa fuvu kwanza. Nilijua ninachotafuta, kwa sababu nilikitunga mimi. Katika sura ya kumi na mbili Inspekta anafungua kaburi, anakuta ufa nyuma ya sikio, pale pale ambapo kitambaa cha Brigido kilifunika. Nikaligeuza fuvu kwenye mwanga wa dirisha. Nikapitisha kidole nyuma ya sikio la kulia. La kushoto. Utosini. Kisogoni.

Zima. Halina hata mkwaruzo.

"Unaona nini?" Ining akauliza.

"Halina ufa," nikasema.

"Tazama vizuri."

"Nimetazama. Kichwa hiki hakikupigwa."

Melecio akashusha pumzi. "Mmesikia kwa masikio yenu."

Ining akashika ukingo wa meza. Uso wake sitaki kuuona tena. Akasema kwa sauti ndogo sana, nadhani ni mimi tu niliyemsikia, "Basi ni mimi."

Hapo ndipo nilipokasirika. Sikuwahi kukasirika hivyo katika miaka thelathini na tatu ya kazi. Nikasema moyoni, Teryo, mara moja katika maisha yako maliza kumpima mgonjwa. Nikalirudisha fuvu, nikaingiza mikono, nikatoa mfupa wa nyonga. Nikautazama. Nikautoa na mwenzake, nikaunganisha. Nikatazama tena. Nikauweka juu ya kitambaa cheupe, polepole.

Nyonga ile ilikuwa pana, imefunguka kwa mbele. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asingeikosea.

"Ining," nikasema, "huyu si mumeo."

"Eti?"

"Huyu ni mwanamke. Mtu mzima, na mwili mdogo. Kisanduku hiki hakina mfupa hata mmoja wa Brigido."

Mama mmoja akajipiga ishara ya msalaba, mwenzake akafuata, kisha wote.

Nikaanza kuhesabu kichwani, kama Inspekta. Kitabu kilitoka lini? Kaburi jipya lilitangazwa lini? Wiki tatu. Nani aliyebomoa ukuta mwenyewe, akaosha mifupa mwenyewe, akafunga kisanduku mwenyewe? Alijua ufa uko wapi na nani atautafuta, na akachukua maiti ya droo nyingine isiyo na mwenyewe. Alikosea kimoja tu. Nilikuwa nimeandika ukurasa mzima wa jinsi ya kutofautisha nyonga ya mwanamume na ya mwanamke, na mpigachapa wa Iloilo akaukata, akasema unachosha wasomaji.

"Melecio!" Ining akapaza sauti mpaka vioo vya kabati vikalia. "Mume wangu umempeleka wapi?"

Melecio hakumtazama. Alinitazama mimi, bila tabasamu, kama mtu anayejadiliana na fundi juu ya kazi iliyokosewa.

"Kumpare," akasema, "sura ya mwisho uliiharibu. Karani wako anakiri. Kwa nini akiri? Ushahidi ameshauondoa. Mimi ningemwacha anyamaze."

Akavuta kiti, akakaa, akamwomba mfanyakazi wake amletee kahawa.